Bidoni

Saa kumi na mbili asubuhi, Muhumba,
ziwa bado limejifunika ukungu,
na Cirhuza leo anaumwa sikio.
Jumanne lilikuwa goti.
Alhamisi, kaptula haikukauka.

Sikubishana naye.
Basi kaa hapo jiweni, nishikie filimbi,
uwahesabie wenzako wakizamisha kichwa.
Akahesabu. Nsimire, kumi na tisa.
Mugisho, kumi na mbili.
"Anaiba! Pua iko nje!"
Na kwa hasira akateremka kumwonyesha,
maji yakamfika magotini,
hata lile la Jumanne.

Nikamsukumia bidoni tupu ya mafuta.
Sikusema usiogope.
Neno hilo niliambiwa nami
siku mtumbwi ulipotupindukia kwenda Idjwi;
halikunielea,
wala halikunieleza.
Nilisema: baridi ni ya hatua tatu. Hesabu.

Moja, akatukana.
Mbili, akaikumbatia bidoni
kama shingo ya mama yake sokoni Kadutu.
Tatu

hakuitamka.
Ilisikika filimbi tu, ingali mdomoni,
ikipiga kila alipovuta pumzi,
ikienda mbali na jiwe.

Kesho, anasema, sikio litakuwa limepona.
Goti bado hajaamua.