Upepo Uitwao Bora

Treni ya alfajiri kutoka Padova, tikiti ya bei ya chini,
mkate na jibini mfukoni mwa koti.
Wenzangu wamekwenda kwao wiki ya karnivali;
kwetu mimi ni posho ya miezi minane,
basi nikachagua bahari iliyo karibu.

Hakuna aliyenitahadharisha na upepo wa Trieste.
Wanauita bora. Nikacheka peke yangu kituoni:
bora kuliko nini?
Ukanijibu kwa kofi, ukanivua kofia,
ukaibingirisha hadi majini.

Bibi mmoja akanishika mkono bila kuuliza,
tukavuka uwanja tumeinama kama wezi,
kapu lake la viazi ndilo nanga yetu.
"Nevenka," akasema ng'ambo ya pili,
akaenda zake.

Mkahawani nikaagiza kama tuagizavyo Padova.
Mhudumu akageukia mashine, akapaza sauti:
"Nero!"
Mgongo ukaniganda.
Neno hilo nalijua, limewahi kunifuata ngazini, usiku.
Kisha kikombe kidogo kikatua mbele yangu,
na mzee wa pembeni, naye, "nero,"
na binti mwenye mbwa, "nero";
kumbe hapa ndivyo kahawa inavyoitwa.

Nikainywa taratibu. Chungu.
Nicheke, au nimdai nani
mapigo yale ya moyo?

Nje, bahari ya kijivu imekunjamana
kama shuka la bwenini.
Mama akipiga simu jioni
nitamwambia nimeuona mji, na upepo wake bora,
na kofia aliyonifumia imezama.
La kahawa, hapana.
Lingali ulimini.