Goti la Nguzo ya Saba

Nilitazamia nyundo ya kubomolea.
Binti wa maabara akatoa kichuma kinene kama muhogo,
akakikandamiza kwenye nguzo: tk.
Akasoma, akaandika. Tk.
Mara kumi na mbili kwa kila mraba wa chaki,
bila kumega hata punje.

Wanataka kuipandishia wodi ghorofa,
hapa Kaliua, ambapo mimi na marehemu Kapela
tulimwaga zege hili mwaka ule tumbaku ilipokosa mnunuzi.

"Thelathini na saba," anasema Nyamizi. "Arobaini.
Mzee Lugusha, mlijenga!"
Mimi kimya. Namba hizo ni za ngozi.
Ngozi ya zege hunywa hewa miaka ishirini
ikakakamaa kama uso wa mdaiwa.
Nyundo hubisha hodi tu, haikaribishwi ndani.

Nguzo ya saba nayo ikasema thelathini na tisa.
Uongo wake ni wangu.
Oktoba ile, jua limetukalia utosini,
zege zito, koleo haliendi,
nikasema: ongeza ndoo.
Kapela akanitazama. Nikasema, ongeza!
Likashuka laini kama uji wa mgonjwa.
Tulipofungua mbao, gotini palikuwa na matundu.
Nikayasiriba kabla injinia hajarudi kunywa chai.

Treni ya mizigo ikapita kuelekea Mpanda.
Nyamizi akasubiri, kiganja juu ya nguzo,
kama anayepima homa ya mtoto.
Begi alikwisha kulifunga zipu.

"Hapo chini," nikasema. "Gotini.
Usigonge. Sikiliza."

Akatoa chombo kingine, masikio mawili yenye nyaya,
moja huku, moja kule.
Grisi ilikuwa imekwisha,
tukatuma asali dukani kwa mama Kashindye.
Zege likapakwa asali ya miombo,
mlio usiosikika ukaingia upande huu
ukachelewa kutoka upande ule.
Nguzo ya sita ulivuka kwa sabini.
Hapa, mia na nane.
Ulikuwa unazunguka matundu yangu, unatafuta njia,
kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba.

Hakuniuliza kitu.
Aliandika mia na nane,
akachora duara gotini.

Kesho yake nilirudi peke yangu.
Sisimizi walikuwa wamejipanga toka msingini
hadi kwenye duara,
wanakula palepale.