Kafu na Fei

Kwenye kibao chekundu, kona ya hospitali, Ibra,
herufi mbili tu: kif.
Nikakanyaga breki.
Mama, kiti cha nyuma, akakisoma kwa sauti
kama yuko chuoni Wete.

"Ndiyo wakfu huyohuyo," akasema.
"Mtende uliosimamishwa:
hauuzwi, haurithiwi."

Wodini, tabibu wa viungo, kijana wa Kihindi,
akamshika viwiko.
"Kif, mama. Kif."
Kwa kiume, vilevile kama kibao.
Mama akabaki kitini, tuli.
Kaambiwa asimame, kasimama.

Nilicheka peke yangu.
Nikamwinamia: "Simama, Mama."
Akanitazama.
"Ipi?"

Halafu goti la kulia likaalika,
shela ikaanguka,
na hakuna aliyeiokota,
maana alikuwa wima.