Jalada Namba 4417

Mji mkuu walinijibu kwa karatasi nusu:
"Sisi tuna faharasa tu. Majina mawili, tarehe, kaunti.
Yaliyomo yako mahakamani, yalikosemwa."
Hundi yangu, hata hivyo, waliipokea.

Basi nimeendesha saa tatu kutoka Omaha,
mabua ya mahindi kulia, mabua kushoto,
theluji imelala kati ya mistari,
hadi kwenye jengo la matofali
ambalo saa yake ya mnarani ilichoka zamani.

Chini ya ngazi, dirisha la kioo,
na karani, Bi Twyla Hosek, sweta la rangi ya boga,
anakula biskuti juu ya daftari la faini.
Nilikuwa nimejiandaa kujieleza:
cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama,
picha moja ya harusi,
hata machozi nilikuja nayo, nimeyakunja vizuri.
"Mimi ni binti yao," nikaanza.
Akapunga biskuti.
"Huhitaji kuwa mtu wa mtu. Talaka ni mali ya umma.
Hata mpita njia akitaka, na asome.
Taja mwaka."

Mwaka!
Nyumbani kwetu mwaka huo haukuwa na namba.
Uliitwa wakati ule,
na shangazi Albina, kabla ya kuutaja,
alifunga kwanza mlango wa jiko.
Kumbe siku zote hizo
wakati ule ulikuwa hapa, wazi,
saa mbili asubuhi hadi kumi na nusu, isipokuwa sikukuu,
ukurasa senti hamsini, muhuri dola tano.

"Hamsini na nane," nikasema. "Au tisa."

Akafungua kitabu kizito kama mlango wa tanuri,
kidole kikashuka kwenye H,
kikapita Hosek ("huyo ni wetu," akacheka, "mjomba"),
kikasimama.
Hrdlicka dhidi ya Hrdlicka.

Dhidi. Neno dogo hivyo, limeketi
katikati ya jina moja.

Maisha yangu yote niliambiwa baba alimfukuza.
Mlalamikaji: Ludmila.
Nikarudia. Mlalamikaji: Ludmila, miaka ishirini na sita, mshonaji.
Sababu: ukatili uliokithiri.
Nikashika meza.
"Usitishike," Bi Hosek akasema bila kuinua macho.
"Enzi zile sheria ilidai kosa; bila kosa hakuna kuachana.
Wote waliandika hivyo. Wazazi wangu pia."

Ukurasa wa tatu, jirani Vaclav Sedlak, baada ya kiapo:
Hakumpiga. Sijaona.
Ila hakusema naye kwa mavuno mawili.
Mke alinituma mimi nikamwambie mume
kwamba mtoto anaumwa.

Mtoto ni mimi.

Husemwa kimya kingi kina mshindo mkuu.
Mshindo wenyewe ndio huu, umepigwa taipu,
mistari minne, wino umefifia kwenye kila "a".

Mama aliomba cherehani, mtoto,
ng'ombe mmoja mwekundu,
na jina alilozaliwa nalo.
Akapewa vyote ila ng'ombe.

Nilikuwa nafunga jalada nilipoiona kadi,
imegandishwa ndani ya jalada kwa gundi:
WALIOOMBA KUSOMA.
Mstari mmoja tu. Machi, tisini na moja.
E. Hrdlicka. Nakala moja. Ukurasa wa tatu.

Baba.
Baba aliyekuja mjini kununua mbegu tu,
aliyejibu simu kwa kukohoa,
alisimama hapa, kofia mkononi,
akataja mwaka.
Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani kwao.
Alikwenda nayo wapi karatasi ile?
Tulipogawana vitu vyake hatukuiona,
si kwenye Biblia, si kwenye bati la risiti.
Labda aliisoma ndani ya gari, injini ikiunguruma.
Labda hakuisoma.

"Utataka nakala?" Bi Hosek akauliza. "Ukurasa upi?"

Nikahesabu sarafu juu ya kioo.
Akanisogezea kadi, nitie sahihi chini ya ile ya kwanza.
Kalamu yao imefungwa kwa kamba fupi;
huwezi kuandika
mpaka uiname.