Sema Yuko

Amekufa Kachori, alfajiri ya Jumanne,
nyuma ya mashine ya kufulia,
pale alipojificha siku zote akitaka
asiulizwe kitu.
Nilimkuta kabla ya adhana, macho kafumba nusu,
kama mtu anayejifanya amelala ili wageni waondoke.

Mawaleh, mwezi wa Julai, ardhi haichimbiki.
Shafikul, mtunza bustani wa jirani, alikuja na mtaimbo,
akapiga, akapiga, cheche zikaruka kwenye changarawe.
Sikumwita. Aliniona tu juu ya ukuta
nimekumbatia taulo.
Tukamlaza chini ya mndimu,
ule unaokunywa maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi.
Nikamwambia, chimba zaidi, mbwa wa wadi wasije.
Akachimba zaidi. Hakudai hata baisa.

Kwa mtu kuna aza: siku tatu,
mazulia, kahawa, tende, halwa ya bakuli,
wanawake wanaingia, wanakaa, wanatoka,
na kila mmoja anaondoka na chembe ya uzito wako.
Kwa paka hakuna.
Kwa paka kuna mwanangu Haitham kwenye simu, yuko Sohar:
"Mama, nitakuletea mwingine, wa Kiajemi, mwenye manyoya."
Utadhani limevunjika birika.
Kuna shoga yangu Thuwaiba, tunajuana tangu Unguja:
"Ati kile kipaka kimekufa?"
Kile. Kimekufa.
Nami nikajibu kimekufa, mimi mwenyewe,
ulimi ukanisaliti, nikamjazia kikombe.

Sikumwambia kwamba katika nyumba hii
Kachori ndiye aliyekuwa wa mwisho kukisikia Kiswahili changu.
Marehemu mume wangu, mtu wa Nizwa, alijua "njoo" na "chai."
Watoto nikiwasemesha wananijibu Kiarabu.
Wanaelewa, si kwamba hawaelewi,
lakini ni kama unarusha chungwa
unarudishiwa tende.
Yeye, paka wa gereji ya Wadi Kabir,
niliyemtoa ndani ya boneti, sikio moja limeungua,
karafuu hajapata kuinusa maishani,
lakini mwite "taal, taal," hageuki.
Sema "njoo, we mwizi!" Huyo, mkia juu.
Miaka kumi na minne nikamsimulia:
bei ya changu, magoti yangu, ndoto za mama,
nani kamwoa nani,
na matusi, Mungu anisamehe,
yale ya kwetu, matamu, yasiyo na Kiarabu chake.

Alhamisi nikaenda soko la samaki, Sib.
"Na vichwa nikufungie?" Muuzaji ananijua.
Nikasema nifungie.
Nikavichemsha. Nyumba ikanuka mpaka mapazia.
Nikasimama na sufuria, sina pa kumimina.

Ijumaa wakaja wote.
Mjukuu wangu Lujain, miaka sita,
akazunguka, akalala kifudifudi akachungulia nyuma ya mashine,
akaja jikoni akanivuta kanga,
na kwa Kiswahili (sijui alikiweka wapi siku zote,
labda alikuwa akitusikiliza sisi wawili)
akauliza: "Bibi, Kachori iko wapi?"

Kisu kikasimama juu ya kitunguu.
"Si iko," nikamwambia. "Iko ni nyumba. Iko ni gari.
Kachori ana roho. Sema yuko."
"Yuko wapi?"
Lo, sawasawa kabisa.
Na mimi mwalimu sikuwa na jibu
ila lile ambalo lugha inalo tayari,
herufi mbili tu mbele:
hayuko.

"Hayuko," akakariri, akihesabu kwa vidole kama somo,
"hayuko, hayuko,"
mpaka na mimi nikaanza kulisikia.
Kisha akafunua sufuria.
"Na vichwa hii ya nani?"

Hilo sikulisahihisha.