Midomo ya Bi Alma

Mvua ya Padiham haina haraka.
Ilianza Jumanne, ikafika Ijumaa,
nami nilipanda ngazi za Bi Alma Sagar saa kumi na mbili asubuhi,
koti la kazi limelowa mabegani,
kumwosha, kumvisha, kumpa uji wa shayiri:
dakika arobaini na tano, ofisi inahesabu.

Hakunisikia nikiingia.
Masikio aliyaacha kiwandani, kwenye mashine za kufuma pamba,
alikoingia akiwa na miaka kumi na mitano
akatoka na arobaini na minne, siku walipofunga geti.
Huko, alisema, kelele ilikuwa ukuta,
wanawake wakazungumza kwa midomo tu:
ugomvi, mapishi, nani ana mimba,
na Baba Yetu, mstari kwa mstari, mashine hadi mashine,
msimamizi akidhani wanatafuna.

Usinitafutie hapa mtakatifu wa kuchorwa kwenye kioo.
Bi Alma alikuwa na ulimi wa pilipili.
Jirani aliyemwibia chungu cha maua hakuwa amemsamehe.
"Nalifanyia kazi," alisema. Miaka kumi na minane.
Lakini kiwanda kilipokufa alichukua kiinua mgongo chake,
akanunua makaa ya mawe ya nyumba nne kwa majira yote ya baridi,
akamwambia muuza makaa:
"Ukinitaja jina, nahamia kwa mwenzako."

Kanisa lao lilibaki na wanawake saba na boila inayokohoa.
Yeye alikaa mbele, kiganja juu ya mbao za kinanda.
"Wimbo unapita hapa," aliniambia,
"kama mtoto anapogeuka tumboni.
Sikuzaa. Lakini nadhani ni hivyo."

Kulikuwa na daftari,
la kiwandani, la kuandikia kasoro za kitambaa:
uzi umekatika, fundo, doa la mafuta.
Kasoro zilikuwa mbele. Nyuma, majina ya watu.
Mengine yana alama ya vema, mengine msalaba mdogo,
na mengine hayana kitu tangu mwaka wa sitini na mbili.
Hayo ndiyo aliyoyasoma kwanza.

Novemba mama yangu alifariki, Urambo.
Makaratasi yangu yalikuwa London, yamelala juu ya meza ya mtu.
Nilimzika kwa simu, picha ikigandaganda,
udongo ukishuka vipande vipande
juu ya mwanamke aliyefagia kanisa kila Jumamosi, hata na homa.
Kesho yake nilikwenda kazini. Ungefanyaje?
Nilisimama kwenye sinki, nikamwambia Mungu kwa Kiswahili,
bila sauti, maneno ambayo siyaandiki.
Sikujua kwamba giza la asubuhi limegeuza dirisha kuwa kioo,
na kwamba nyuma yangu kuna mtu anasoma.

"Lugha siijui," alisema Bi Alma,
"ila huyo unayemfokea namjua. Endelea. Amezoea."
Kisha akataka kalamu. Jina la mama?
Nikamgeukia, nikalitamka polepole: Tabu.

Bi Alma alikwenda Machi, siku isiyo na mvua, nikashangaa.
Mpwa wake alichukua saa na sahani.
Mimi niliachiwa daftari, limefungwa kwa uzi wa pamba.

Nilitafuta ukurasa nimesimama kituo cha basi.
Nilikuwa nimesahau kwamba midomoni b na m ni ndugu wa tumbo moja,
zote hufunga mlango kabla ya kusema.
Mama, aliyezaliwa mwaka wa njaa akapewa jina la mwaka,
yuko pale kwa wino wa buluu,
kati ya Clegg mwenye figo na mtoto wa kina Pickup,
mwandiko umetetemeka lakini unasomeka:
Tamu.

Hakuna vema, hakuna msalaba.
Basi lilikuja, likapita.
Sijalisahihisha.