Namba Mbili

Moja iliingia kwa kuombwa.
Tatu na nne hazikuwa na neno.
Shida ilikuwa mbili.
Kila mshuko wa Kadutu, mvua imeshalainisha udongo mwekundu,
akina mama wa makala wameketi kingo zote,
niliivuta mbili kwa kiganja, kwa kiwiko, kwa bega,
kwa jina la marehemu baba,
nayo ikasimama mlangoni
kama mkwe anayengoja ng'ombe wa mwisho.

Nikajifunza masharti yake.
Kanyaga ambreyaji, toa, pita katikati,
gusa mafuta kidogo, kanyaga tena,
hesabu moja na nusu (si mbili, moja na nusu),
kisha vuta ukilaza mkono kushoto, upande wa moyo.
Asubuhi, oili ingali imeganda, usijaribu kabisa.
Shuka na moja mpaka chini, injini ikilia,
nawe ukijifanya husikii.

Miaka kumi na moja.
Gari ni la themanini na sita, lilikuwa la mapadri;
jua likipiga kwa ubavu, msalaba bado unaonekana
chini ya rangi ya mlango.
Viazi vya Kabare, maharage ya Walungu,
usiku mmoja mwanamke wa Nyangezi
aliyejifungua kabla hatujagusa lami:
yote hayo kwa mbili ya kubembeleza.

Fundi Zihalirwa alilala juu ya katoni, chini ya tumbo la gari,
akatoka na tone jeusi kwenye paji la uso.
"Bwate hii ilikufa zamani," akasema.
"Wewe ndiye uliyekuwa unatembea."

Nyingine ikatoka Uvira, ndani ya gunia la mchele,
dola mia tano na hamsini,
mbuzi wawili wa Nabintu wakiwemo katika hesabu hiyo,
na Nabintu hajanisamehe.
Aliyeileta alikuwa mtu wa Kigoma.
Sisi husema vitesi. Yeye alisema gia,
nami nikasikia, ndani ya neno lake: ingia.

Kazi ilikula siku mbili.
Jeki moja, magogo ya mkaratusi,
vijana watatu wakiikumbatia bwate vifuani
wasijue nani aachie kwanza.
Kuna bolti ya juu kabisa ambayo hakuna aliyewahi kuiona.
Zihalirwa aliifuata kwa vidole, amefumba macho.
Nikamletea tochi.
"Ondoa," akasema, "mwanga unanipoteza."

Ile ya zamani aliipasua jioni.
Akanipa pete ya shaba iliyotoka kwenye mbili,
meno yake yamelika, laini kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Nikataka kuivaa mkononi, bangili ya ukumbusho.
Ikakwama kwenye vifundo vya vidole.
Hata nje ya gari, haitaki kuingia.

Tukaenda kujaribu.
Nikakanyaga, nikatoa, nikahesabu moja na nusu,
nikavuta kwa miaka yote kumi na moja;
mbili ilikuwa imeshaingia,
na kiwiko changu kikatua mbavuni mwa Zihalirwa.
Alicheka mpaka akakohoa, akashika ubavu, akacheka tena.

Lakini Kadutu haikucheka.
Walitujua kwa ule mkwaruzo:
watoto walikuwa wakiokota mpira wao,
akina mama wakivuta beseni nyuma kidogo,
mwenye mkokoteni akijibanza ukutani
kabla hata hatujatokeza konani.
Leo tulishuka kimya, na hakuna aliyesogea.
Nikabonyeza honi,
ndipo nikakumbuka kwamba haijalia tangu wakati wa mapadri.

Nikatoa kichwa dirishani
nikaukwaruza kooni, kwa sauti yote niliyo nayo,
mlio wa mbili yangu ya zamani:
krrrrr.
Wakapisha.